Bidoni Haitoshi: Kumbukumbu za Mazoezi ya Kina Mama wa Katoyi

Katoyi, siku ya mama huanza na maji. Bidoni ya manjano hubeba lita 20, yaani kilo 20, na mara nyingi hupanda mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, juu ya njia za mawe meusi yaliyoachwa na volkano. Mtaa huu wa komini ya Karisimbi, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, umesimama juu ya lava iliyoganda. Kupitisha mabomba katika mwamba huo ni kazi ngumu na ya gharama, kwa hiyo familia nyingi hutegemea bomba la umma, matangi ya majirani, au maji ya Ziwa Kivu yanayopandishwa kwa pikipiki na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Baada ya maji huja makaa, kufua na kupika, kisha biashara ndogo ya sokoni au ya barabarani mpaka jua lizame.

Ndiyo maana swali lililoulizwa hivi karibuni katika kikao cha mtaa liliwagusa wengi. Kikundi cha kina mama kilikuwa kimeomba kutumia ua wa shule kila Jumapili alfajiri kwa mazoezi ya viungo. Baba mmoja mtu mzima alisimama akauliza kwa upole: mama aliyeamka na bidoni mgongoni, akashinda sokoni na mtoto, mnataka kumwongezea jasho la nini? Bidoni haitoshi?

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa ameketi kwenye benchi katika kikao hicho. Amezaliwa Katoyi, amezaa Katoyi, na yumo katika kikundi hicho tangu kilipoanza. Aliona wazi kwamba muulizaji hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akimhurumia mke wake na dada zake. Lakini mwandishi alijua pia kwamba bidoni haitoshi, na kwamba nyumba nyingi zingeishi vizuri zaidi kama sababu yake ingeeleweka. Sababu hiyo aliijua kidogo kidogo, tangu utotoni.

Alikuwa mtoto wa shule ya msingi tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka. Lava ilishuka hadi katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikaendelea mpaka ziwani. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makao. Mama yake alivuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda, akiwa na kitinda mimba mgongoni, godoro na masufuria kichwani, na mkono mmoja umemshika binti asipotee katika umati. Walirudi baada ya muda mfupi, kama wengi, wakikanyaga lava iliyokuwa bado inatoa joto chini ya ndala zao.

Machoni pa mtoto, hapakuwa na mtu mwenye nguvu kuliko mama huyo. Lakini usiku, kazi zote zilipokwisha, mama alilala kifudifudi kwenye mkeka na kumwambia binti apande mgongoni amkanyage taratibu kwa nyayo, ili maumivu yapungue apate usingizi. Alfajiri bidoni ilikuwa inamngoja. Miaka kadhaa baadaye muuguzi alimpima na kumweleza kwamba shinikizo lake la damu limepanda mno, na pengine limekuwa hivyo kwa muda mrefu bila yeye kujua. Nyumba nzima ilishangaa. Mtu anayehangaika hivi tangu asubuhi hadi usiku anapataje ugonjwa unaosemwa kuwa wa watu wanaokaa?

Watafiti wamelichunguza jambo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 2021 jarida la European Heart Journal lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa Copenhagen, nchini Denmark, uliofuatilia watu 104,046 kwa takriban miaka kumi. Waliofanya mazoezi mengi katika muda wao wenyewe walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa karibu asilimia 40 wakilinganishwa na wasiofanya. Waliokuwa na kazi nzito kabisa za mwili hawakupata kinga hiyo: hatari yao ilikuwa juu kwa asilimia 27 kuliko ya watu wenye kazi za kukaa. Andreas Holtermann, mtafiti wa Denmark aliyeongoza kazi hiyo, amekuwa akieleza sababu zake. Kazi nzito huchukua saa nyingi mno bila kuufanya moyo upige kwa kasi ya kuujenga. Kuinua mizigo hupandisha shinikizo la damu. Viungo hukaa katika mkao uleule, na mapumziko hayatoshi mwili kujirekebisha kabla ya mzigo unaofuata.

Wataalamu bado wanajadiliana kuhusu uzito wa kila sababu, na Shirika la Afya Duniani, WHO, huhesabu mwendo wa kazini na wa nyumbani kuwa na faida zake. Tena Katoyi si Copenhagen. Hata hivyo, mwandishi akikumbuka mgongo wa mama yake, anaiona tofauti iliyopo. Mwenye kubeba bidoni hachagui uzito, hachagui kasi, hachagui siku ya kupumzika. Upande uliochoka jana ndio unaobebeshwa tena leo. Mazoezi yaliyopangwa vizuri hunyoosha kilichokunjwa, huimarisha kilicholegea, hupumzisha kilichozidiwa. Yule mama hakukosa nguvu. Alikosa muda ambao mwili wake ungeangaliwa kwa ajili yake mwenyewe.

Katika shule ya sekondari binti huyo alicheza mpira wa mikono. Uwanja ulikuwa wa mawe na vumbi jeusi la volkano. Aliyeanguka aliinuka na magoti yamechubuka. Wasichana walicheza kwa moyo, na siku za mashindano hata walimu wakali walipiga kelele pembeni. Timu ile ilikuwa na mlinda mlango hodari, msichana mrefu asiyeogopa mpira. Alipomaliza shule aliolewa. Walipokutana tena sokoni Virunga, mwandishi alimuuliza kama bado anacheza. Mwenzake alimwangalia kwa mshangao, akamwonyesha mtoto aliyembeba: "Mimi sasa ni mama."

Jibu hilo lilisemwa bila huzuni, kama mtu anayetaja mahali anapoishi. Mwandishi amelikumbuka mara nyingi kwa sababu lilimwonyesha jinsi mlango unavyofungwa. Hakuna sheria inayomkataza mama kucheza. Hapewi muda, hapewi mahali, na wenzake wa zamani wametawanyika, kila mmoja nyumbani kwake. Tena Goma si peke yake. Mwaka 2024 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha makadirio yaliyoandaliwa pamoja na WHO: mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango cha mwendo kinachopendekezwa. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 29, kwa wanawake 34.

Miaka ileile ya ujana ilimpeleka kwenye Stade de l'Unité, uwanja mkubwa wa mji. Si kwa ajili ya mpira. Aliambiwa kwamba huko kuna wanawake wanaopigana ndondi, akaenda kujionea. Aliwakuta kweli, mikono imefungwa vitambaa, wakiruka kamba na kurusha ngumi hewani kwa pamoja. Mwalimu wao alikuwa Balezi Bagunda, ambaye mji mzima humwita Kibomango, mtu aliyeingizwa vitani akiwa mtoto na baadaye kuwa bondia. Waandishi wa habari kutoka nchi nyingi wamefika kupiga picha za mabondia hao wa kike. Kilichomshika yeye hakikuonekana katika picha. Baada ya mazoezi wanawake wale walikaa chini wakazungumza. Mmoja alieleza kwamba tangu aanze ngumi analala usiku. Kabla ya hapo, kila mlio mkubwa ulimrudisha porini alikotekwa.

Ng'ambo ya kusini ya ziwa, mjini Bukavu, kituo cha Cité de la Joie kilichofunguliwa mwaka 2011 huwapokea kwa miezi sita wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Ngoma, mazoezi na mbinu za kujilinda zimo katika ratiba yao pamoja na ushauri na masomo. Walioanzisha kituo hicho, akiwamo Daktari Denis Mukwege, wanajua kwamba mwili ulioumizwa hauponi kwa maneno peke yake. Huko uwanjani mwandishi alianza kuelewa kwamba, katika mji uliopita vita mara nyingi hivi, kuzungumzia mazoezi ya mama kama suala la unene tu ni kulipunguza jambo lenyewe.

Kisha yeye naye akawa mama.

Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Kituo alikojifungulia kilimpa maelekezo mazuri kuhusu kidonda, kunyonyesha na chanjo. Kuhusu namna ya kuurudisha mwili wake hakuna aliyesema lolote. Nyumbani alipendwa. Mama mkwe alimpikia uji wa soya na mahindi, akamletea sambaza, dagaa wa ziwani, akamkataza hata kufagia. Majirani waliingia na kutoka wakiimba. Lakini wiki zilivyopita alijikuta akilia bila sababu anayoweza kuitaja. Usingizi ulimkimbia hata mtoto alipolala. Na kulikuwa na jambo alilolificha kwa kufunga vikwembe viwili: kila alipokohoa au kuinua mtoto, mkojo ulimtoka.

Aliyeligundua ni jirani, mwanamke aliyesomea tiba ya viungo, kazi ambayo Goma huitwa kine. Alimuuliza waziwazi, mlango ukiwa umefungwa, kisha akamwambia maneno ambayo hajayasahau: "Dada, hili si aibu, na lina dawa." Akamfundisha kupumua kwa tumbo. Akamfundisha kukaza misuli ya nyonga, ile inayozuia mkojo, kuishika kidogo na kuiachia, kila siku, akiwa amelala au akinyonyesha. Kidonda kilipokauka vizuri alimtoa nje kutembea, kwanza hadi mwisho wa barabara yao, baadaye mbali zaidi. Alimweleza pia dalili zinazotakiwa kumpeleka hospitali: maumivu makali, homa, damu, au mkojo unaovuja mfululizo bila kukatika. Huo wa mwisho huweza kuwa fistula, ambayo haiponi kwa mazoezi, inahitaji daktari. Goma ina bahati ya kuwa na madaktari wenye uzoefu huo. Hospitali ya HEAL Africa imejulikana kwa upasuaji wa fistula kwa miaka mingi.

Zoezi lile la misuli ya nyonga ndilo tiba ya kwanza inayopendekezwa na wataalamu kwa mama anayevuja mkojo akikohoa. Halina gharama. Halihitaji hata viatu. Kama lingefundishwa wodini kabla mama hajarudi nyumbani, ni wanawake wangapi wa Katoyi wasingejifungia ndani wakikwepa misa, soko na sherehe za watu?

Baadaye aligundua kwamba yale aliyofundishwa chumbani na jirani yake yamo katika miongozo ya dunia. Mwongozo wa WHO wa Novemba 2020 unawataja wajawazito na waliojifungua kwa jina, na kupendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki kwa wasio na kizuizi cha kitabibu. Kabla yake, Kanada ilikuwa imetoa mwongozo wa mimba wenye dakika hizohizo, ukitegemea tafiti zilizoonyesha kwamba mazoezi wakati wa ujauzito hupunguza kwa karibu asilimia 40 uwezekano wa kisukari cha mimba na shinikizo la damu la mimba. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 na British Journal of Sports Medicine, uwezekano wa sonona wakati wa ujauzito ulipungua kwa asilimia 67.

Jirani yule alifanya jambo jingine, na pengine ndilo lililoibadilisha zaidi nyumba ile. Kila walipotoka kutembea, alimkabidhi baba mtoto. Hakuomba ruhusa wala hakutoa hotuba, alisema tu, "Papa, tunarudi sasa hivi." Mwanzoni baba alimshika mtoto kwa woga na kusimama mlangoni akiwatazamia. Baada ya muda alijua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Akaanza kumwogesha. Watoto waliofuata walizaliwa katika nyumba ambamo mikono ya baba ilikwishazoea kazi hiyo. Mwandishi anaamini kwamba faida kubwa ya mazoezi ya mama katika familia huanzia hapo: anapotoka, wanaobaki hujifunza kuendesha nyumba, na anaporudi huwakuta wamemjua mtoto wao zaidi.

Jumamosi usiku, tarehe 22 Mei 2021, anga juu ya Goma iligeuka nyekundu tena. Lava ilisimama Buhene, kwenye kingo za mji, lakini ardhi iliendelea kutetemeka siku baada ya siku, kuta zikapasuka, na tarehe 27 Mei serikali ya mkoa ikaamuru mitaa kumi ihamishwe. Katoyi haikuwa kwenye orodha, lakini nani angebaki? Barabara ya Sake, zaidi ya kilomita 20, ilijaa magari, pikipiki, chukudu na watu wa miguu. Familia ya mwandishi ilikuwa miongoni mwa waliotembea.

Huko Sake walilala katika ua wa kanisa pamoja na familia nyingi. Watoto walishtuka kwa kila tetemeko. Asubuhi moja mama mmoja, mwalimu wa shule ya chekechea kutoka mtaa mwingine, aliwapanga watoto kwenye duara akaanza kuimba nao wakiruka na kupiga makofi. Kina mama waliokuwa wamejiinamia waliangalia, kisha mmoja akaingia kwenye duara, halafu mwingine. Haikuwa programu ya shirika lolote. Ilikuwa nusu saa kabla ya foleni ya maji. Lakini wanawake waliotoka pale walizungumza kwa sauti nyingine, wakagawana zamu za kupika na za kuangalia watoto. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa kwenye mkeka wake na hofu yake.

Waliporudi Katoyi, baadhi yao hawakutaka duara lile lifie Sake. Hivyo ndivyo kikundi kilivyoanza. Walichagua Jumapili, kwa kuwa Jumamosi asubuhi ni salongo, usafi wa pamoja wa mitaa, na siku nyingine ni za kazi. Walichagua saa kumi na moja na nusu alfajiri, ili kila mtu awahi misa au ibada. Walitoka kwa pamoja, kamwe si mmoja mmoja, kwa sababu giza la Goma si salama kwa mtu aliye peke yake. Kwanza footing, yaani mbio za polepole, pembeni mwa lami, ambayo kwa wengi ni kutembea kwa haraka tu, maana mji uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na pumzi hukata mapema. Kisha kurudi mahali pa wazi kwa mazoezi ya viungo, spika ndogo ikipiga nyimbo ambazo wote wanazijua.

Kila kitu kilijadiliwa. Mavazi yalizungumzwa kuliko mazoezi yenyewe, mpaka wakakubaliana: anayetaka suruali avae, anayetaka kufunga kikwembe juu yake afunge, na asiwepo wa kumsema mwenzake. Mama wa miaka zaidi ya 60 aliyekuja na fimbo alipewa kiti, akafanya mazoezi ya mikono akiwa ameketi. Waliojifungua karibuni hawakuruka. Walitembea na kufanya yale ya nyonga. Wauzaji wa sokoni, wanaoshinda wameinama, walifundishwa kunyoosha mgongo na kuchuchumaa vizuri wanapoinua mzigo. Hilo liliwasaidia hata kwenye bidoni, ambayo bado ilibidi ibebwe.

Watoto walikuja bila kualikwa. Walianza kwa kuwafuata mama zao, kisha wakawa na mbio zao wenyewe upande wa pili. Mwaka 2014 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa vyuo vikuu vya Cambridge na Southampton, Uingereza, uliowafungia vipimo vya mwendo akina mama 554 pamoja na watoto wao wa miaka minne. Mama alipokuwa na mwendo zaidi, mtoto naye alikuwa na mwendo zaidi, hata kama hakuna anayejua kwa hakika nani humvuta mwenzake. Katoyi walivutana pande zote mbili: walikuwapo akina mama waliochoka kabisa waliotoka kitandani kwa sababu mtoto alishavaa viatu.

Muuguzi mmoja, naye mwanakikundi, alianza kuleta kipimo cha shinikizo la damu. Aliwapima wote kabla ya mazoezi, na waliokuwa juu sana aliwapeleka kwanza kituo cha afya. Mwandishi alipoona mkono wa mwenzake ukifungwa kile kitambaa cheusi alimfikiria mama yake, ambaye hakuna aliyewahi kumpima mpaka alipougua. Baada ya mazoezi walifungua sanduku la akiba, kwa utaratibu wa AVEC unaojulikana Kivu nzima: kila mmoja anaweka kidogo, anayehitaji anakopa, mwisho wa mzunguko wanagawana. Ada ya shule na mtaji wa makaa vilitoka humo.

Na kulikuwa na mazungumzo. Jumapili moja mama mmoja alishindwa kuinua mkono. Alisema ameanguka. Hakuna aliyembana kwa maswali; walimaliza mazoezi, wakakaa naye, na baadaye akasema ukweli kuhusu yanayotokea nyumbani kwake. Wawili wakamsindikiza kwa watu wanaoweza kumsaidia. Mazoezi hayazuii mkono wa mwanamume mkali, na kikundi hakikudai hivyo. Lakini mwanamke anayeonekana kila wiki na wenzake hawezi kuumizwa kwa miezi pasipo mtu kujua.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, na waasi wa M23 wakauchukua Goma. Risasi zilipita juu ya mabati ya nyumba za mbao, hospitali zikajaa majeruhi kupita uwezo wake. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafungwa. Waliokuwa katika kambi pembezoni mwa mji walilazimika kuondoka, na wengine wakapita Katoyi na vitu vyao kichwani. Kikundi kilitawanyika. Baadhi walivuka mpaka, baadhi walirudi vijijini, na wapo ambao hawajasikika tena.

Katika miezi ile sanduku la akiba liliwafaa waliobaki, kwa kuwa fedha zake hazikuwa benki. Simu zilipopatikana waliulizana nani ana unga, nani ana mgonjwa. Mama aliyekuwa mjamzito alisindikizwa kujifungua na wenzake wa Jumapili. Mazoezi yenyewe yalirudi kwa kusuasua, wachache, mchana badala ya alfajiri, ndani ya ua badala ya barabarani. Ndipo ombi la ua wa shule lilipoandikwa, kwa sababu palihitajika mahali penye ukuta na lango.

Wengine katika ukanda huu wamejenga mifano yenye mafunzo. Kigali ilianzisha siku isiyo na magari Mei 2016, na leo barabara hufungwa mara mbili kwa mwezi, watu wakikimbia huku wahudumu wa afya wakipima sukari na shinikizo la damu bila malipo. Zanzibar huanza kila mwaka kwa mazoezi ya pamoja tarehe 1 Januari, vikundi vikija kutoka Unguja na Pemba. Korogocho, Nairobi, bibi waliochoka kushambuliwa majumbani walijiunga kujifunza kujilinda. Limpopo, Afrika Kusini, timu ya bibi wacheza soka, Vakhegula Vakhegula, iliyoanzishwa na Beka Ntsanwisi, imejulikana duniani. Mifano hii inaonyesha kwamba umri na hali si kizuizi. Lakini siku kubwa za kitaifa mara nyingi humpata mama ambaye tayari ana wa kumwachia mtoto. Mama mwenye kichanga na ndoo tupu huzisikia redioni tu.

Ndiyo maana mwandishi anashikilia kwamba programu ya mazoezi ya kina mama isipimwe kwa idadi ya wanaoruka uwanjani. Ipimwe kwanza kwa mzigo uliotuliwa kutoka migongoni mwao. Bomba la maji likisogezwa karibu, mama hupata muda na mgongo hupata nafuu. Kumwita mazoezini huku ukimwachia safari zilezile za maji ni kumtwika kazi juu ya kazi. Ipimwe pia kwa nani amebaki na watoto, kama ni baba na kaka, au ni binti mkubwa aliyekosa masomo yake ili mama atoke. Ipimwe kwa mama anayejifungua leo: je, ataondoka wodini akijua zoezi la nyonga na dalili za hatari? Shule zina ua, makanisa yana spika na viti, vituo vya afya vina wauguzi wenye vipimo. Yanayotakiwa mengi yako hapahapa mtaani.

Kwa sasa kikundi kimejipa kazi moja kabla ya mwaka kwisha. Wanachama wawili wanajifunza kwa yule jirani mtaalamu wa viungo namna ya kumwelekeza mama katika wiki za kwanza baada ya kujifungua, ili wapite nyumba kwa nyumba kwa waliozaa. Wamekubaliana kwamba kila ziara ifanyike baba akiwepo, na kwamba kabla hawajamwonyesha mama zoezi lolote, watamwonyesha baba jinsi ya kumshika mtoto.